Kitabu Nilichokishona Kolwezi

Tangu nirudi Iringa, kila anayepita kibandani kwangu ana swali moja: mtu aliyeaga kwamba anakwenda kununua vitabu vikuukuu kwa siku kumi, amerudije baada ya mwezi mzima, na begi jepesi kuliko alilotoka nalo? Nimejibu nusunusu mpaka nimechoka, na kila mmoja wenu amechukua nusu yake akaitangaza anavyopenda. Kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote mara moja, mpeane. Nawaambia mapema ili msisome kwa wasiwasi: nilikwenda kutafuta vitabu, nikakutana na mwanamke, na mpaka naandika haya sijui kama nimempata.

Najua karatasi hizi zitafika hata kwa wasionijua, basi nijieleze kidogo. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Nashona Biblia zilizoachana, madaftari ya ofisini, vitabu vya shule vilivyoraruliwa na watoto. Pia nanunua vitabu vya Kiswahili vya zamani, navitengeneza na kuviuza. Nina miaka hamsini na mitatu, na mke wangu Eda alifariki miaka sita iliyopita. Kuhusu tikiti, mihuri na karatasi za mipakani sisemi kitu, maana hakuna aliyewahi kufurahishwa na habari hizo.

Iringa hadi Tunduma

Basi liliharibika Makambako. Fundi alisema nusu saa, na mimi kama fundi nilijua maana yake, nikatafuta mahindi ya kuchoma. Tulikaa saa nne.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa kijana mnene wa Njombe aliyepakata keki ya harusi ya dada yake, ngazi tatu, kila ngazi ndani ya boksi lake. Tulipoondoka alinikabidhi moja bila kuniuliza. "Mzee, nishikie hii ndogo, hizi mbili zinanishinda." Nilipita Uyole nimekumbatia keki ya watu, siwezi kujikuna wala kupiga chafya. Tunduma walikuja kuipokea shangazi watano, wakanishukuru mno, wakadhani mimi ndiye baba wa bwana harusi. Nilikula pilau la siku moja kabla ya shughuli na sikujisumbua kuwasahihisha.

Tunduma hadi Ndola

Upande wa Zambia barabara ni ndefu na watu ni wapole. Kiingereza changu ni cha darasa la saba, kwa hiyo nilisema kidogo na kutabasamu sana.

Ndola niliingia duka la vitabu vya mitumba lililojaa mpaka darini. Mnanijua: sisomi kitabu kabla sijakikagua mgongo. Nafungua katikati, nanusa, naangalia kama kimeshonwa au kimebandikwa gundi tu. Vingi vilikuwa vya gundi, vile vya kusomwa mara moja vikaanza kutoa kurasa. Mwenye duka aliniangalia nikirudisha kitabu cha ishirini hivi, akaja na kuniuliza nimetumwa na ofisi gani. Nilimwambia sijatumwa. Hakuamini, akaniletea soda na kunifuata kila rafu kwa adabu hadi nikaona aibu nikatoka. Mpaka leo nadhani anasubiri barua ya ukaguzi.

Kasumbalesa na Lubumbashi

Foleni ya malori mpakani Kasumbalesa sikuuona mwisho wake. Tulishuka tukatembea kwa miguu. Upande wa pili, Kongo, nilisikia Kiswahili na nikafurahi, furaha iliyodumu kama dakika mbili, maana mama mmoja mwenye masufuria aliniita, "Tata, kuya ukule bukari na sombe!" na nilichoelewa ni kwamba naitwa. Bukari ni ugali, na sombe ni kisamvu. Nilikula sahani mbili. Lililonikera ni hilo la kuitwa tata, yaani baba, kila kona, nikadhani safari imenizeesha, mpaka nilipomsikia muuza simu akimwita tata mteja mwenye umri wa mwanangu. Ni heshima tu, basi nikatulia.

Lubumbashi nilitembea siku mbili kwenye maduka ya vitabu. Karibu yote ni Kifaransa: sheria, kamusi, sala, vitabu vya mitihani. Wauzaji wa kando ya barabara wanavipanga chini juu ya turubai na kuvifuta vumbi kila baada ya dakika chache. Mmoja wao, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinisikiliza mpaka mwisho. "Bitabu ya Kiswahili? Hapa hautapata. Enda Kolwezi. Kuko mama moja kule anakodishaka. Uliza Mama Ngalula, bote banamuyua."

Mimi nilikuwa nimefika mwisho wa safari yangu. Kolwezi haikuwamo katika mpango, lakini begi lilikuwa halina kitabu hata kimoja, nikaona aibu kurudi hivyo.

Lubumbashi hadi Kolwezi

Barabara ni nzuri, ni malori tu. Baada ya Likasi, lori lililobeba magunia ya chokaa ya migodini lilishindwa kilima, likakaa katikati ya njia, na sisi nyuma yake saa tatu. Abiria walishuka. Akina mama walitokea na ndoo za munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Nilikunywa nikasema ni togwa. Abiria mmoja akasema munkoyo ni munkoyo. Nikamweleza togwa ya kwetu inavyopikwa, akanieleza mizizi inavyopondwa, watu wakajipanga pande mbili ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuonja togwa. Lori lilipoondolewa bado tulikuwa tunabishana, tukaendelea ndani ya basi.

Kolwezi, siku nisizozipanga

Mama Ngalula anaishi katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizonyooka kwa mistari. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi humo, na wao wakabaki. Ana miaka kama arobaini na saba, mrefu, sauti nzito, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa haraka. Mume wake alikufa zamani. Barazani kwake kuna mbao tano zilizopigiliwa ukutani, na juu ya mbao hizo, badala ya vitabu, niliona vijitabu vyembamba, vimeshonwa kwa uzi wa magunia.

"Nasikia una vitabu vya Kiswahili," nilisema.

"Biko. Ya hadithi iko moja, ila haiko yote hapa." Alinipa kijitabu cha kurasa arobaini hivi. Hakikuwa na jalada wala jina. "Hii njo kipande ya kwanza. Ya pili iko na mwalimu. Ya tatu iko na mama wa maternité, kule banazalishaka. Ya ine iko chini ya udongo."

"Chini ya udongo?"

"Mutu anachimbaka, anaisoma kule ndani wakati anangoja benzake bavute magunia. Ya tano sitaki kusema iko na nani, ju alichelewa na ninamukasirikia."

Nikaelewa. Mwanamke huyu alichukua kitabu kizima, akakikata kwa wembe mara nne. Jamani, damu ilinipanda. "Mama, umekiua kitabu!"

Hakukasirika hata kidogo. "Kilikuwa na musomaji moja. Sasa kiko na batano. Tata, nani alikiua?"

Akanieleza kwa uvumilivu. Mchimbaji hawezi kushuka shimoni na kitabu kinene. Kipande kinaingia mfukoni ndani ya plastiki. Maji yakijaa shimo, kinapotea kipande, si kitabu. Na watu watano wakisoma kwa mzunguko, hakuna anayekaa na kitabu miezi miwili huku wengine wakisubiri. Vitabu vyote pale, vya Kifaransa na vya Kiswahili, vilikatwa hivyo. Nikakaa kwenye benchi lake nikasoma kipande cha kwanza.

Ilikuwa hadithi ya karani wa ghala la pamba anayesingiziwa kuchoma ghala. Nilisoma mpaka saa kumi bila kuinua kichwa, na kipande kiliishia mlango ukigongwa. Nikaomba cha pili.

"Mwalimu hajarudisha. Kuya kesho."

Nikaja kesho yake. Mwalimu hajarudisha. Nilipokuwa nasubiri nilitoa sindano yangu na uzi wa nta nikashona upya vijitabu vyake vilivyolegea, maana siwezi kukaa mbele ya mshono mbovu. Aliniletea bukari na samaki wa chumvi, akakaa akiangalia mikono yangu.

"Bibi yako anakuachaka kusafiri peke yako na hayo macho?"

"Macho gani?"

"Hayo unaangaliaka nayo bitabu."

Nilimwambia mke wangu alifariki. Akasema pole, akasogeza bakuli la samaki upande wangu. Nilikuwa sijachokozwa na mwanamke kwa miaka sita, wandugu. Nilijifanya nahesabu kurasa, na nikazihesabu vibaya.

Siku ya tatu mwalimu mwenyewe alipita na baiskeli. Nilimsalimu, nikamuuliza kwa upole kama amemaliza kipande cha pili. Alishangaa. "Mi? Nilirudisha juzi magaribi."

Mama Ngalula alikuwa akifagia. Aliendelea kufagia mahali pale pale palipokwisha kufagiwa. Kisha akaingiza mkono chini ya mto wa kiti chake, akatoa kipande cha pili, akaniwekea mapajani. "Ungesoma yote siku moja, ungeenda," alisema. Nilifurahi mpaka nikaona haya mbele ya mwalimu.

Tangu siku ile sikusema tena habari za kuondoka. Asubuhi nakwenda barazani, nashona, nasoma, tunabishana. Yeye anapenda wabaya wa hadithi, anasema ndio wenye kazi nyingi. Anamcheka mtu akilamba kidole kufungua ukurasa. Tunatembea sokoni anaponunua sombe, na watu wanamuuliza huyu tata ni wa wapi, naye anajibu, "Ni fundi yangu." Nilipofika kipande cha nne, kilichonukia tope, nilijua ninachokitaka, na hakikuwa kitabu. Nilitaka anikubali. Nilikuwa na siku chache tu kwenye karatasi yangu ya kukaa nchini, na sikujua pa kuanzia.

Ndipo nikafanya kosa ambalo ni fundi wa vitabu peke yake angeweza kulifanya.

Alipata msiba Kasaji, akaenda kwa siku tatu, akaniachia baraza nipokee na kutoa vijitabu. Kwa bahati, vipande vyote vitano vilirudi ndani ya siku hizo. Nikaviona kwa mara ya kwanza pamoja mezani. Wazo likaja, na nikaliona zuri sana: nitamshonea kitabu chake. Nitakirudishia uzima. Aone kazi yangu, ajue bila kuambiwa.

Nilifungua nyuzi za magunia. Nilipanga kurasa, nikazibana kati ya mbao mbili, nikashona mshono wangu wa Biblia, ule nisiompa mteja wa kawaida. Gundi nilipika kwa unga wa muhogo. Jalada nililitengeneza kwa boksi gumu, nikalivika kitambaa cha kikwembe, kitenge cha kwao, nilichokata kwa fundi cherehani wa jirani, chekundu chenye maua meupe. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, na nawaambia bila unyenyekevu, sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Wakati naifanya, watu wawili walikuja kuulizia vipande vyao. Nikawaambia wasubiri mama arudi. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Alirudi mchana, amechoka, vumbi la Kasaji mpaka kwenye kope. Nikamkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Alikipokea, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mgongo. Akakifungua, nacho kikafunguka vizuri kikalala wazi, jinsi kitabu kinavyotakiwa.

"Ni muzuri," alisema. Macho yake yalilowa, nikadhani nimeshinda.

Kabla hajasema neno la pili, mwanamume mmoja wa miaka thelathini na kitu alisimama mbele ya baraza, buti zina tope lililokauka, tochi kichwani. Alikuwa akishuka shimoni siku ile kwa juma zima, na alikuja kuchukua kipande cha nne. Aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akakiangalia kitabu.

"Sasa mama, mi nitaingia nacho namna gani?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuta kisima kimefungwa kufuli. Nikaona nilichokifanya. Nilichukua kitabu cha watu watano nikakifanya cha mmoja, nikakivika na maua. Aibu niliyoisikia siku ile siwezi kuiandika vizuri. Niliinama nikatafuta kitu chini ambacho hakikuwepo.

Mama Ngalula alimwambia yule mtu akae anywe maji. Kisha akaingia ndani, akatoka na wembe, akauweka juu ya jalada, upande wangu.

"Weye njo fundi," alisema. "Fanya."

Nilikata. Nimekata vitabu vya watu wengi ili kuviponya, lakini sijawahi kukata mshono wangu mwenyewe ambao gundi yake haijakauka. Wembe ulikwenda upande, yeye akaunyoosha kwa kuweka kiganja chake juu ya kifundo cha mkono wangu, akakiacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kipande cha nne kilitoka kwanza, nikakishona upesi, nikakivisha robo ya lile jalada jekundu, mchimbaji akakiweka mfukoni akaenda zake akisoma njiani. Akakosea njia, tukamwita.

Vilivyobaki tulivishona pamoja, yeye kimoja, mimi vitatu. Nikauliza nikiwa nimeangalia sindano, maana vinginevyo nisingeuliza. Nikasema: "Mama Ngalula, nakupenda. Nataka unikubali niwe mume wako. Uje Iringa, au nije mimi hapa, vitabu viko popote."

Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Mi ninakupenda pia, sikatae. Ulifika na makelele yako ya kitabu kilikufa, nikakupenda siku ile ile." Nikaweka sindano chini, akaendelea. "Ila niambie. Bandugu ya bibi yako balikutosha mu kilio?"

Sikuelewa. Akanieleza. Mume wake alipofariki, alivaa nguo za kilio na kukaa, mpaka ndugu za mume walipokuja wenyewe, wakamnyoa, wakamwogesha, wakamwambia mbele ya watu: sasa enda, haudaiwe kitu na marehemu. Ilichukua miaka miwili. Kwao mjane, awe mwanamke awe mwanamume, ni wa ukoo wa marehemu mpaka aachiliwe kwa mdomo.

"Kwetu siku hizi tunayapita tu hayo," nilisema. "Tulizika, tukafanya arobaini, kila mtu akarudi kazini."

"Nani alikuambia enda?"

Nikafikiri. "Hakuna."

"Basi ungali mu kilio yake. Mi siwezi kukamata mwanaume wa bantu bengine." Alisema kwa upole, bila mchezo uliokuwa katika sauti yake siku zote. "Iko ndugu yake ule anaweza kusema?"

"Yuko. Kaka yake mkubwa."

"Uliisha kumuuliza?"

Nikasema tunaonana kila siku ya Mungu na hatujawahi kumtaja Eda tangu tutoke makaburini. Aliniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko wembe. "Enda umuulize," alisema. "Akisema ndiyo, rudi. Akikatala, usirudi, ju nitalia."

Kurudi

Nilimwachia sindano zangu nzuri, uzi wote wa nta na mbao za kubania, maana baraza lile linazihitaji kuliko mimi. Kipande cha tano sikukisoma. Alinipa, nikamrudishia, kulikuwa na mtu anakisubiri. Basi liliondoka asubuhi. Alinisindikiza mpaka kituoni, akanipa bukari baridi ndani ya karatasi, akaondoka kabla gari halijawaka. Njia nzima mpaka Tunduma sikumbuki kitu cha kuwasimulia, na mimi ni mtu wa kukumbuka.

Sasa nasema na mmoja wenu. Shemeji Laurenti, kaka yake Eda, fundi viatu: kati ya kibanda chako na changu kuna bati moja tu, na miaka sita nasikia nyundo yako ukigonga soli. Wiki mbili hizi nimesimama kwenye bati hilo asubuhi na jioni na sikuweza kufungua mdomo. Ndiyo maana nimeandika, na ndiyo maana utakuwa wa kwanza kusoma, kabla ya hao wengine.

Dada yako nilimpenda. Unajua, ulikuwepo. Sikuombi unisahaulishe. Naomba unitoe katika kilio chake, kwa mdomo wako, au uniambie bado. Ukisema bado, nitaendelea kukaa hapa na hatutalizungumza tena, na sitakuchukia. Nimefunga duka, nipo ndani, nimekaa upande wa bati. Njoo.